Sura ya Kumi na Moja: Mchangiaji Namba Kumi na Saba

Ijumaa ile fundi alinyoa ndevu mara mbili. Mara ya kwanza ilitosha, ya pili ilikuwa ya furaha tu. Akalipiga pasi shati lake jeupe, ambalo kazini halikuwa na maana yoyote kwa sababu mtu wa majokofu saa zote yumo tumboni mwa mashine, akalivaa, akajitazama kiooni na kujiambia kwamba kwa mtu wa miaka arobaini na mbili si haba. Tangu Jumanne alikuwa na siri kifuani, na siri tamu nayo huchosha kuibeba. Leo angeitua. Angemwambia daktari kwamba kile kilichokuwa kinawazuia kuoana kimeondoka, na kwamba amekiondoa yeye mwenyewe, kwa kalamu, kwa dakika tatu.

Maskini, hakujua.

Alifanya kazi kwenye taasisi ya kutafiti kisukari, jengo la ghorofa tatu lenye korido ndefu na harufu ya spiriti. Kazi yake ilikuwa baridi. Majokofu yote ya jengo lile, vyumba vya baridi, na lile tangi kubwa la chuma lenye hewa ya kimiminika inayogandisha mpaka mfupa, vyote vilikuwa mikononi mwake. Wafanyakazi walimwita Barafu. Daktari peke yake alimwita Fundi, neno la kazi tu, lakini alilitamka kama jina.

Daktari mwenyewe hakuwa wa kutibu wagonjwa. Alikuwa mtafiti. Mama yake alikatwa mguu kwa kisukari yeye akiwa bado shuleni, na tangu siku ile akasoma kama mtu anayekimbizwa. Alichokitafuta ni hiki: achukue ngozi ya mtu mzima, azirudishe seli zake utotoni ziwe seli shina, zile ambazo bado hazijachagua zitakuwa nini maishani, kisha azilee polepole mpaka ziwe seli za kongosho zinazotoa insulini. Siku moja seli hizo apewe mgonjwa, na sindano za kila siku zitupwe.

Miaka saba iliyopita alikuwa anatafuta watu wenye afya wa kumpa kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya dengu, kutoka mkononi. Fundi alikuwa amelala chali chini ya jokofu bovu alipoona viatu vya daktari vimesimama kando, kisha akasikia ombi lile limeletwa kwa sauti ya aibu. Alikubali kabla hajatoka chini ya jokofu. Angeombwa figo angeuliza tu anataka ya kulia au ya kushoto.

Akawa mchangiaji namba kumi na saba. Wale kumi na sita wa mwanzo seli zao zilikufa, au zikageuka mabonge yasiyo na faida. Za fundi zikashika. Kuanzia hapo daktari akawa mtumwa wao, maana seli haziji kazini Jumatatu zikapumzika Jumapili. Kila siku iliyojaliwa lazima zibadilishiwe maji yao ya rangi ya waridi yenye chakula, sikukuu na siku ya mvua, mtu awe mzima au ana homa. Saa sita mchana wakikaa kwenye benchi nyuma ya jenereta, daktari humwambia kwamba watoto wake wamekula vizuri leo, au kwamba leo wamenuna. Fundi hucheka, lakini usiku humrudia. Mwanamke ambaye hajawahi kumgusa hata kidole kwa uhuru, kila asubuhi anamlisha.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyokua, kwenye benchi lile, kwa macho zaidi kuliko maneno.

Familia ya daktari haikulala. Kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu wa sekondari aliyemlea baada ya baba yao kufariki, alimkalisha fundi kwenye sebule yao mara tatu, na mara zote tatu hakumpa nafasi ya kumaliza sentensi. Alisema dada yake amesoma mpaka masomo yenyewe yakaisha, sasa aje aitwe mke wa mtu wa mafriji? Mama yao, akiwa kwenye kiti chake na mguu wake mmoja, alidakia kwamba kama shida ni cheo, basi hao wenye vyeo wamekuja kunywa chai pale miaka yote na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini friji lake la insulini linapiga kelele. Fundi alilitengeneza siku ileile. Mama alimwita mkwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Lakini kulikuwa na ukuta mrefu kuliko kaka mtu. Kanuni za taasisi zilikataza mtafiti kuwa na uhusiano wa mapenzi au wa ndoa na mchangiaji ambaye seli zake zinatumika. Daktari alimwambia fundi wasubiri miaka miwili, majaribio yakamilike na matokeo yaandikwe, halafu hakuna atakayewauliza. Kaka mtu aliposikia miaka miwili alicheka kwa pua. Alisema dada yake ana miaka thelathini na nane, na mwanamume mwenye nia hutafuta njia. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi. Zikabaki siku kumi na mbili.

Ndipo Jumanne mkurugenzi alipomwita.

Mkurugenzi hakuwahi kumwita fundi ofisini kwake isipokuwa kiyoyozi kimekufa. Safari hii kiyoyozi kilikuwa kizima. Akamkaribisha kiti, akaagiza chai, akamuuliza habari za nyumbani. Mtu mdogo akipewa chai na mtu mkubwa aanze kujikagua mifuko, lakini fundi alikuwa na moyo mweupe. Hakujua kwamba wiki mbili nyuma seli za namba kumi na saba zilikuwa zimepewa sukari kwenye kisahani, nazo zikajibu kwa kutoa insulini, kama kongosho hai, siku tano mfululizo. Hakujua kwamba mkurugenzi alitaka jina lake litangulie kwenye matokeo hayo, na kwamba daktari alikataa, akamwambia mbele ya watu kwamba hajawahi kushika hata bomba la maji ya seli hizo. Hayo daktari alimficha asimpe presha.

"Nimewaona kwenye benchi," mkurugenzi alisema, taratibu, kama baba. "Usishtuke. Mimi sijaandika popote. Unampenda?"

Fundi alisema ndiyo, akiangalia kikombe.

"Basi sikiliza. Kinachowazuia ni kwamba wewe ni mchangiaji. Ukiacha kuwa mchangiaji, kizuizi hakipo tena. Mchangiaji ana haki ya kujitoa wakati wowote, na hakuna wa kumuuliza sababu. Ni karatasi tu."

Fundi, kwa akili yake ya kutafuta hitilafu, aliuliza kama kujitoa kwake kutamharibia daktari kazi. Mkurugenzi alitabasamu, akamwambia kazi ya daktari iko mikononi mwa daktari, wala haiwezi kuwa mikononi mwa fundi wa majokofu. Fundi aliona hilo ni jibu. Akauliza tena kuhusu kile kipande cha ngozi, na mkurugenzi akasema kipande chenyewe kilishakwisha zamani. Na kweli kilikuwa kimekwisha.

Kwa miaka ishirini fundi alikuwa akisaini kadi za kazi. Kila jokofu lina kadi yake, kila kadi ina mstari chini, na mwenye mali huweka kidole kukuonyesha mahali. Hakuna anayeisoma kadi ya kazi. Mkurugenzi aliweka kidole, fundi akasaini.

Sasa Ijumaa hii, saa mbili na nusu, alisimama nje ya dirisha la kioo la maabara, akagonga kwa ukucha. Ndani daktari alikuwa ameinamia kabati la joto, mle zinamokaa seli, koti jeupe, nywele kwenye kofia ya karatasi, barakoa usoni. Akainua macho. Macho yale yalipoliona shati jeupe yakacheka peke yake, mdomo ukiwa umefichwa. Akamaliza alichokuwa akifanya, akavua glavu, akatoka kwenye korido.

"Umependeza hivyo kwa sababu gani? Kuna jokofu linaolewa?"

"Jokofu haliolewi," fundi alisema. "Wewe ndiye unaolewa. Kaka yako akitaka hata kesho, twende."

Akamweleza. Alieleza haraka, maneno yakigongana, kuhusu chai, benchi, haki ya kujitoa, na ile karatasi. Alisema hataki tena kusubiri miaka miwili, kwamba sasa yeye si namba, ni mtu, na kwamba mkurugenzi kumbe ana roho nzuri watu wanamsingizia tu. Alikuwa ameshafika mahali pa kuuliza mama atapenda harusi ya mchana au ya jioni alipoona daktari ameshika ukuta.

"Umesaini lini?"

"Jumanne."

"Ukurasa wa pili uliusoma?"

"Kulikuwa na ukurasa wa pili?"

Daktari hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alimweleza kwa sauti anayoitumia kuwaelekeza wageni wanaotembelea maabara, sauti isiyo na mtu ndani yake. Mchangiaji akijitoa, kila kilichotoka mwilini mwake lazima kiteketezwe. Si ngozi tu. Kila kilichozaliwa na ngozi hiyo, na kilichozaliwa na hicho kilichozaliwa, cha kwenye kabati na cha kwenye tangi, mpaka tone la mwisho. Ni ndani ya siku tatu tangu karatasi igongwe muhuri. Na anayeteketeza ni mtafiti mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya shahidi.

"Lakini hizo si ni zako," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyezilea."

"Nilizilea. Ni zako."

Fundi alitaka kushika mkono wake, daktari akauweka mkono mfukoni mwa koti.

Wakashuka ngazi mbilimbili mpaka ofisi ya maadili, chumba kidogo cha ghorofa ya chini ambacho kazi yake ni kulinda haki za wachangiaji. Katibu wa ofisi ile, mama wa makamo mwenye miwani yenye kamba, alikuwa na karatasi mezani tayari, muhuri wa Jumatano umekauka. Alishangaa kwamba daktari hajaarifiwa. Alisema barua ilipitia kwa mkurugenzi, ndivyo utaratibu ulivyo, na leo ndiyo siku ya tatu. Alikuwa anajiandaa kupanda juu kushuhudia. Barua ilikuwa imelala kwenye droo ya mkubwa siku mbili nzima, ikisubiri iive.

Fundi aliinamia meza kwa mikono yote miwili. Alisema anafuta sahihi yake, anaandika nyingine sasa hivi, atoe karatasi. Katibu akatikisa kichwa kwa huruma. Mchangiaji aliyejitoa anaweza kujitolea upya, lakini kwa ngozi mpya na namba mpya. Ya zamani hairudi. Fundi akasema basi atasema alidanganywa. Hapo katibu alivua miwani, akamtazama yeye, kisha akamtazama daktari, kisha lile shati jeupe.

"Ukisema ulidanganywa, mwanangu, uchunguzi utaundwa. Na swali la kwanza watakalokuuliza ni hili: kwa nini ulitaka kujitoa? Mimi sijaona kitu wala sijasikia kitu. Lakini watakaokuja watakuwa na macho."

Hapakuwa na haja ya kuongeza. Wakijua, seli zitateketezwa vilevile, maana matokeo ya mtafiti aliyemficha mpenzi wake ndani ya majaribio hayahesabiki. Tofauti ni kwamba pamoja na seli atateketea daktari: cheti, jina, kila kitu. Mkurugenzi alikuwa amefunga milango yote miwili na kuondoka na funguo, na hakuna mahali alipovunja hata kanuni moja. Watu wadogo huvunja sheria kwa sababu ya njaa au ya mapenzi. Wakubwa hawana haja, sheria huwatii.

Kwenye ngazi, wakipanda, katibu akiwa ametangulia hatua kadhaa na mfuko mwekundu wa taka, daktari alisema bila kugeuka:

"Atakuuliza kama umejitoa kwa hiari yako. Sema ndiyo."

"Siwezi kulisema hilo mbele yako."

"Fundi. Sijawahi kukuomba kitu tangu ile ngozi. Sema ndiyo."

Walianza na tangi. Mle ndani ndimo zilimokuwa seli za akiba, vichupa mia mbili na arobaini vidogo kama ncha ya kidole, vimepangwa kwenye visanduku vya chuma vilivyoning'inia ndani ya baridi. Kifuniko cha tangi lile kilikuwa na tabia ya kukwama, na aliyejua kukifungua bila kukivunja alikuwa mmoja tu jengo zima. Katibu alimtazama fundi. Fundi akavaa glavu nene za ngozi zifikazo kwenye viwiko, akazungusha kifuniko kushoto robo, akakipiga kiganja, akakiinua. Moshi mweupe ukamwagika mpaka sakafuni ukawafunika viatu. Kwa miaka saba hakuruhusu tangi lile lipungue hata kidole kimoja. Umeme ukikatika yeye ndiye wa kwanza kufika. Mwaka mmoja alitoka kwenye msiba wa mjomba wake kabla ya maziko kwa sababu kipimo kilikuwa kinashuka. Sasa akavuta kisanduku cha kwanza, akampa daktari. Cha pili, akampa. Havikuwa vizito. Daktari alivipokea, akasoma maandishi ya kila kichupa kwa sauti, tarehe na namba, katibu akaweka alama kwenye orodha, kisha vikaangukia kwenye mfuko mwekundu vikilia kama vijiwe.

Tarehe nyingine daktari alizisoma mara mbili. Fundi alizijua tarehe hizo. Moja ilikuwa siku mama alipopoteza fahamu kwa sukari kushuka, na daktari akatoka hospitali saa kumi na moja alfajiri kuja kuzilisha, kisha akarudi. Nyingine ilikuwa siku ya kwanza walipokaa kwenye benchi.

Halafu zikabaki zilizo hai, za kwenye kabati la joto. Visahani kumi na viwili.

"Mchangiaji ana haki ya kuziona kabla," katibu alisema, akisoma kwenye karatasi yake. Alilisema kwa sababu liliandikwa.

Kwa miaka saba fundi hakuwahi kuziona. Daktari alikuwa amemwambia atamuonyesha siku ya harusi, utani wao huo, kwamba bibi harusi atafunuliwa yeye na watoto watafunuliwa pamoja. Sasa daktari aliweka kisahani kimoja chini ya hadubini, akarekebisha, akasogea pembeni kumpisha, akihakikisha mabega yao hayagusani.

Fundi aliinama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona mwanga, na ndani ya mwanga vitu vya mviringo, vingi, vimeshikamana kwa makundi kama mtama uliomwagwa kwenye maji. Vilikuwa safi. Hakujua alitarajia nini, labda kitu cha kutisha, lakini vilikuwa vizuri, vya kupendeza macho. Akauliza kwa sauti ndogo ni zipi zinazotoa insulini. Daktari akajibu kwamba zote. Hizo zote.

Aliinuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

Katibu akakohoa, akashika kalamu. "Mchangiaji namba kumi na saba. Unathibitisha kwamba umejitoa kwa hiari yako mwenyewe, bila kushawishiwa na mtu yeyote?"

Fundi alimtazama daktari. Barakoa ilikuwa imerudi usoni na yalibaki macho tu, na macho yale, ambayo saa mbili na nusu yalikuwa yamemchekea kupitia kioo, yalimtazama kama yanavyotazama saa ya ukutani. Yalingoja. Alifikiri akisema hapana labda kitu kitapasuka, labda dari, labda mtu fulani juu atasikia na kuja mbio. Hakuna aliye juu ambaye angekuja mbio kwa ajili ya watu kama wao.

"Ndiyo," alisema.

"Kwa hiari yako."

"Kwa hiari yangu."

Daktari akachukua chupa ya klorini. Alimimina kwenye kisahani cha kwanza polepole, kwa mkono uleule uliozoea kuzimiminia chakula, na maji ya waridi yakabadilika yakawa manjano, kisha yakawa hayana rangi. Akamimina cha pili. Hakuruka hata kimoja, wala hakuharakisha. Kwenye cha saba katibu aligeuza uso akajifanya anaandika. Cha kumi na mbili kilipokwisha daktari alisoma saa, akataja dakika kamili ili iandikwe, akaweka sahihi. Katibu akaweka yake. Akamsogezea fundi karatasi, na safari hii fundi aliisoma yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, kidole kikifuata mstari kwa mstari kama mwanafunzi, wote wakimsubiri. Kisha akasaini.

Katibu alipoondoka na mfuko wake, walibaki wawili na sauti ya feni.

Fundi alikunja mkono wa shati mpaka begani. Alimwambia achukue nyingine, achukue kubwa, achukue mkono wote. Aanze upya leo. Yeye hataoa, hataomba kitu, hatakaa hata kwenye lile benchi. Atakuwa namba tu mpaka afe.

"Ishushe," daktari alisema.

"Nakuomba."

"Si ngozi, Fundi. Wachangiaji kumi na sita walishindwa kabla yako. Hata wewe nikikuchukua tena kesho, sijui kama zitashika. Mama yangu ana mguu mmoja na macho yameanza kuingia ukungu. Hana miaka saba mingine." Alivua kofia ya karatasi, akaikunja, akaikunja tena. "Unajua kwenye ile fomu ya kwanza kabisa waliuliza nini? Waliuliza kama mtafiti anamfahamu mchangiaji kwa namna yoyote. Niliandika hapana. Nilikuwa nimeshakupenda miezi minne. Nilikuja pale kwenye jokofu kwa sababu nilitaka sababu ya kuongea na wewe."

Fundi hakuwahi kulijua hilo. Ni neno ambalo mwanamume angelisubiri maisha yake yote, na lilimjia siku ambayo halikuwa na pa kuketi.

"Kwa hiyo kosa ni langu kabla halijawa lako," daktari aliendelea. "Nilidanganya karatasi ili nikupate. Na wewe umesema ukweli kwenye karatasi ili unipate. Tazama tulichokipata."

"Tumepata kuoana," fundi alisema, na alipojisikia akilisema alitamani ardhi immeze.

Daktari alimwangalia. Hakukuwa na hasira. Fundi aliitafuta hasira kwa uchu, maana mwenye hasira bado yuko nyumbani, na hakuiona.

"Nikikuangalia nitaviona vile visahani. Kila asubuhi, ukinywa chai, ukivaa viatu, nitaviona. Na wewe utajua kwamba naviona. Kamwambie kaka ameshinda. Mimi sina nguvu ya kumwambia." Akafungua mlango, akaushikilia, kama anavyofanyiwa fundi akimaliza kazi. "Mama nitamwambia mwenyewe."

Alishuka ngazi bila kuzihisi. Koridoni watu wawili walimsalimia kwa jina la Barafu, mmoja akamtania kuhusu shati, akawajibu, hakujua alijibu nini. Nje jua lilikuwa kali na magari ya wakubwa yalikuwa yamepangwa kwenye kivuli cha jengo. Mkurugenzi alikuwa anatoka kwenye lake, mkoba mkononi, mchangamfu kama mtu aliyelala vizuri. Akamuona fundi, akabadili njia makusudi kumfuata.

"Nimesikia mmemaliza salama," alisema. "Hongera, bwana harusi."

Akanyoosha mkono.

Fundi aliutazama mkono ule. Yote aliyopaswa kusema yalimjaa mdomoni, na mengine mabaya zaidi yalimjaa kwenye ngumi. Lakini alikuwa amelelewa kwamba mkubwa akinyoosha mkono hupewa mkono, na miaka ishirini ya kazi ilikuwa imelirudia somo hilo kila siku, na mwili wake ulitii kabla yeye hajaamua. Akaupokea. Kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akainamisha na kichwa kidogo.

Ulikuwa mkono laini, wenye joto.

Alipoinua kichwa aliona dirisha la ghorofa ya pili. Daktari alikuwa amesimama pale, kofia ya karatasi bado kiganjani, anatazama chini. Alikuwa ameona yote. Fundi alifungua mdomo, ingawa kwa umbali ule hakuna ambacho kingesikika, na mkurugenzi, aliyekuwa bado hajamwachia mkono, alimuuliza kwa upole kama ile kelele ya kiyoyozi chake ataiangalia leo au Jumatatu.